Kabla ya kumpeleka mama kwenye mionzi Bugando

Kama mama ana saratani ya matiti iliyofika kwenye mifupa na ameandikiwa mionzi hospitali ya Bugando, Mwanza, kabla hujatafuta nauli, muulize daktari: mionzi hii ni ya siku ngapi? Wengi hujiandaa kukaa mjini wiki tano kwa sababu jirani aliyepigwa mionzi baada ya kukatwa titi alikaa muda huo. Yule alikuwa anatafuta kupona. Saratani ya matiti ikishasambaa hadi kwenye mifupa, mionzi ina kazi nyingine, hasa kutuliza maumivu, na haimalizi ugonjwa uliosambaa mwilini. Mfupa unaouma mara nyingi hutulia kwa dozi moja tu ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), siku moja, sawa na ambavyo ungetulia kwa siku tano au kumi. Tofauti yake ni kwamba waliopigwa mara moja ndio hurudiwa mionzi zaidi baadaye. Kwa anayetoka Ukerewe na meli ya Nansio, hizo siku tano au kumi ni gesti, chakula na msindikizaji aliyeacha shamba. Uliza bila aibu kama siku moja itamfaa. Wapo wanaohitaji zaidi, kwa mfano aliyefanyiwa upasuaji wa mfupa huo.

Kitu kimoja hakisubiri tarehe ya kliniki. Akisema miguu imekosa nguvu au inakufa ganzi, au mkojo umegoma, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Huenda uvimbe unabana uti wa mgongo, na anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea.

Usimpandishe bodaboda. Najua kilima cha Bugando kinachosha na bodaboda ndiyo iko karibu, lakini nyonga au uti wa mgongo ulioliwa na saratani unaweza kuvunjika kwenye tuta moja tu. Chukua bajaji au teksi, na mwambie dereva aende taratibu.

Kwenye mfuko weka barua ya rufaa, majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, picha zote hata za zamani, kadi ya bima kama ipo, na dawa anazotumia zikiwa kwenye makopo yake. Kama aliwahi kupigwa mionzi, iwe Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, au kwingine, tafuta karatasi inayoonyesha ni sehemu gani na dozi kiasi gani. Bila hiyo daktari atasita, kwa kuwa uti wa mgongo una kiwango chake cha kuvumilia.

Avae dera au nguo nyingine pana. Meza ya mashine ni ngumu na atalala bila kujitikisa, kwa hiyo muulize daktari kama anywe mofini yake (dawa kali ya maumivu) nusu saa hadi saa moja kabla. Mionzi yenyewe haiumi. Alama atakazochorwa kwenye ngozi zisisuguliwe hadi atakapomaliza. Na wajukuu wamkumbatie tu: mashine inayopiga mionzi kutoka nje ya mwili haiachi mionzi mwilini.

Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Siku mbili tatu za mwanzo maumivu yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua, na nafuu yenyewe inaweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Omba maelekezo ya dawa za siku hizo kabla hamjaondoka. Mofini isiachwe ghafla, na dawa ya kulainisha choo iende nayo, maana mofini bila hiyo huleta mateso mengine.