Mashine ya kufyekea ya visu vya kuning'inia: ninavyoiendesha na kuitunza huku Njombe

Naendesha trekta kwenye mashamba ya parachichi upande wa Njombe. Mahindi yakishavunwa, mimi hukodiwa kwenda Wanging'ombe na Makambako kusaga mabua. Wadogo zangu walioanza kazi juzi hupenda kuniuliza kwa nini mashine nyingine hazimalizi misimu miwili. Nawajibu kwamba adui yake mkubwa ni mtetemo. Nyasi huichosha taratibu sana, lakini mtetemo wa wiki moja ukipuuzwa unakula beringi, unalegeza bolti na kupasua chuma. Karibu yote nitakayoeleza hapa yanarudi kwenye jambo hilo.

Slasha tuliyoizoea huzungusha mapanga kwa ulalo na kuacha nyasi ndefu zimelala mistari. Hii ina rota, yaani bomba nene lililolala upana wote wa mashine, lenye masikio yaliyochomelewa kulizunguka. Kila sikio limeshika kisu kwa bolti, na kisu kinacheza. PTO ya trekta, yaani shafti fupi ya nyuma inayotoa nguvu ya injini, inatoa mizunguko 540 kwa dakika. Giaboksi na mikanda ya pembeni inaiongeza hadi karibu 2,000 kwenye rota. Kwa kasi hiyo visu hunyooka vyenyewe kuelekea nje, na ncha zake zinapita mwendo wa kilomita 140 kwa saa. Kisu kikigonga kisiki kinarudi nyuma. Nyasi zinasagwa vipande vifupi na kubaki palepale kama matandazo.

Kwa parachichi hilo ni jambo kubwa. Mizizi ya mparachichi inayovuta chakula iko juu juu. Ukipitisha haro, lile jembe la visahani, katikati ya mistari unaikata, na vidonda vyake vinakaribisha ugonjwa wa kuoza mizizi. Mwenye shamba akiniambia nije na haro kwenye miti iliyokwisha kushika, namwomba tufyeke kwanza halafu aangalie unyevu wa udongo wake mwezi wa tisa. Wanaochoma mabua kila Agosti nao nimeacha kubishana nao, nawasagia nusu ekari walinganishe.

Visu viko vya aina mbili kuu. Vya umbo la Y ni vyepesi, vinafaa nyasi na magugu. Nyundo ni nzito na butu, hizo ni za mabua, matawi ya kupogolea na maotea ya miti ya miwati ambayo huku kwetu hayaishi. Ukiwa na Y, usiingie kwenye kitu kinene kuliko kidole gumba. Kwa nyundo, soma kitabu cha mashine yako inaruhusu unene gani, usipime kwa ubishi.

Kufunga kwenye trekta

Mashine ya mita moja na nusu inaenda vizuri na trekta ya nguvu za farasi 45 hadi 50. Funga mikono miwili ya chini, kisha topu linki, yaani mkono wa tatu wa juu, halafu sawazisha kushoto na kulia kwenye ardhi tambarare.

Propela shafti, ile inayounganisha PTO na mashine, ndiyo watu wanaikosea. Ikiwa ndefu mno, siku utakaponyanyua mashine itasukuma giaboksi na kuvunja beringi zake, au itaharibu PTO ya trekta. Nyanyua na kushusha mashine taratibu PTO ikiwa imezimwa, tafuta mahali shafti inapokuwa fupi kuliko pote, na hakikisha hapo inabakiwa na nafasi ya sentimita mbili au tatu kabla ya kugota. Ikirefuka kuliko pote, mabomba yake yawe bado yameingiliana angalau theluthi moja. Ukilazimika kukata, kata bomba la ndani na la nje kwa kipimo kimoja, pamoja na kava zake za plastiki, piga tupa kingo, paka grisi. Na kava hizo zifungwe minyororo yake. Nguo ikishikwa na shafti inayozunguka, mtu hana muda wa kupiga kelele. Koti kubwa la baridi ya Juni, kitenge kiunoni, kamba ya kofia: vyote vibaki mbali na hapo.

Urefu wa kukata unapangwa na rola ya nyuma, kwa kuhamisha bolti zake kwenye matundu. Mimi huacha sentimita sita hadi nane shambani mwa parachichi. Visu vikigusa udongo vinaisha haraka, vinarusha kokoto, na rota inapoteza uwiano. Uzito ubebwe na rola, kwa hiyo ukishafika kazini shusha haidroliki mpaka chini ili mashine ifuate ardhi yenyewe.

Kabla ya kuwasha PTO, tembea shamba

Kwa miguu, si kwa macho kutoka kwenye kiti. Natafuta mawe, seng'enge, visiki, na viroba vya mbolea vilivyoachwa baada ya kukuzia. Seng'enge ikiingia kwenye rota kazi ya siku imekwisha. Nyuzi za viroba ni mbaya kwa namna nyingine: zinajisokota karibu na beringi, zinapata moto, zinayeyusha sili, ule mpira unaozuia grisi, grisi inatoka na vumbi linaingia. Mashamba yaliyopakana na mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi yana chupa za plastiki za kila rangi, zikusanye kabla.

Watu wakae mita 50 au zaidi, hasa mbele na nyuma ya mashine. Pazia za mpira au minyororo ya mbele na nyuma zikipungua, zirudishe kabla ya kazi, maana ndizo zinazozuia mawe. Kwenye njia ya watoto wa shule mimi husubiri saa ya masomo.

Kuendesha

Washa PTO injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo, mashine ikiwa imeshushwa karibu na ardhi, kisha ongeza mzunguko taratibu mpaka alama ya 540 kwenye saa ya injini. Baki hapo. Dereva anayebana mafuta kwa kushusha mzunguko anakosea hesabu: rota inakosa nguvu, nyasi zinajaa ndani, mikanda inateleza na kuungua. Ukitaka kupunguza kasi, badili gia ya trekta, usiguse mzunguko. Kilomita tatu hadi tano kwa saa zinatosha, na kwenye mabua mazito nenda polepole zaidi. Nyasi zikifika kiunoni fyeka mara mbili, ya kwanza juu, ya pili kwa urefu unaoutaka.

Asubuhi za Juni na Julai umande wa huku ni kama mvua. Nyasi mbichi zinagandamana chini ya kava mpaka rota inalemewa, kwa hiyo sianzi kabla jua halijakausha. Kwenye miteremko, panda na kushuka. Usikate kilima kwa ubavu. Ukifika mwisho wa mstari nyanyua kidogo tu, geuka, shusha. Ukitaka kunyanyua juu kabisa, zima PTO kwanza, la sivyo misalaba ya propela, yaani viungo vyake vya kupindia, inalia kwa sababu ya pembe kali.

Sasa mtetemo. Mashine iliyo nzima ina mlio wake wa kawaida na utaujua kwa siku moja. Ukisikia kiti kinatetemeka, au kioo cha pembeni kinacheza kuliko mwanzo, zima PTO papo hapo. Usimalizie mstari. Zima injini, weka ufunguo mfukoni, subiri rota isimame kabisa, kwa kuwa inaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya kuzima. Kabla ya kuingiza mkono au kichwa, egemeza mashine kwenye magogo imara. Haidroliki inaweza kushuka bila taarifa.

Mara nyingi utakuta kisu kimekatika au kimepotea. Kiwekwe kipya, na mwenzake wa upande wa pili wa rota abadilishwe pia, maana kisu kipya kina uzito kuliko kilicholika. Tumia bolti mpya na nati ya kujifunga, na ukimaliza kisukume kwa kidole: lazima kicheze huru. Kisu kilichokazwa mpaka kimesimama ni kama hakina bawaba, kikigonga jiwe kinang'oa sikio zima. Visu viwili vya akiba na bolti zake vikae kwenye boksi la trekta kila siku, kwa sababu duka la spea liko mbali na jiwe liko karibu. Kama visu vyote vipo na mtetemo bado unaendelea, tazama nyuzi zilizojisokota, beringi iliyolegea, halafu rota iliyopinda.

Sikio likikatika, fundi yeyote wa Makambako atakuambia analichomelea kwa dakika kumi. Atalichomelea kweli. Lakini uzito wa chuma cha kuchomelea unabadilisha uwiano, kwa hiyo rota ipelekwe kwa mwenye uwezo wa kuipima ikizunguka. Na akichomelea rota ikiwa bado kwenye mashine, waya wa ethi ushikishwe kwenye rota yenyewe, umeme usipite ndani ya beringi.

Grisi, oili, mikanda

Kila baada ya saa nane za kazi: grisi kwenye beringi za rota, za rola na misalaba ya propela. Futa nipo, kile kichwa kidogo cha kupokelea grisi, kabla ya kupachika bomba la grisi, vinginevyo unapeleka mchanga ndani. Pampu kiasi, ukizidisha unasukuma sili nje. Kaza bolti zote, na kwa mashine mpya zikaze tena baada ya saa chache za mwanzo.

Giaboksi hutumia oili nzito ya gia, namba 90. Ya kwanza imwage baada ya saa 50, kisha kwa ratiba ya kitabu. Ikivuja kwenye sili, safisha kwanza tundu la kupumulia la giaboksi. Likiziba, joto linasukuma oili nje na utanunua sili bure.

Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba ushuke sentimita moja hivi. Mmoja ukikatika badili yote kwa pamoja, maana mpya ukichanganywa na ya zamani unabeba mzigo peke yake. Kiangazi, ondoa majani makavu yanayojaa ndani ya kava ya mikanda kila jioni. Mkanda unaoteleza una moto wa kutosha kuyawasha.

Mvua zikianza na kazi ikipungua, ioshe, lakini usielekeze maji ya nguvu kwenye beringi. Paka grisi siku hiyohiyo, legeza mikanda, ihifadhi palipo na paa.

Kwa anayenunua iliyotumika: zungusha rota kwa mkono mikanda ikiwa imelegezwa. Isikilize beringi, shika ncha ya rota uitikise juu na chini, kisha hesabu masikio yaliyochomelewa upya. Beringi na visu ni gharama ya kawaida, punguza kwenye bei anayotaja. Rota iliyopinda, mwachie mwenyewe.