Majeruhi wa kichwa usiku: namna ya kumpima kabla hujampata wa kupiga CT (picha ya ndani ya kichwa)

Saa nane usiku dereva wa bodaboda analetwa na wenzake, ananuka pombe, anakoroma. "Huyu kalewa tu, mwacheni alale." Kauli hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote chumba cha dharura. Pombe na damu inayovuja ndani ya fuvu humlaza mtu vilevile. Kinachozitofautisha ni kumpima, kisha kumpima tena.

Hatua ya 1: tochi ibaki mfukoni kwanza. Anza na njia ya hewa, pumzi na presha. Shingo isigeuzwe, ichukulie imevunjika. Oksijeni ikishuka chini ya 90%, au namba ya juu ya presha chini ya 90, ubongo unaumia mara ya pili mikononi mwako. Mchome kidole upime sukari pia. Ikiwa imeshuka, tiba yake ni ya dakika chache.

Hatua ya 2: alama za Glasgow, kipimo cha fahamu. Madaktari Teasdale na Jennett walizitoa mwaka 1974. Leo alama za juu ni macho 4, usemi 5, viungo 6. Ya chini kabisa ni 3, hakuna sifuri. Usemi huwakosesha wengi: mzee anayejibu Kisukuma safi hajachanganyikiwa, wewe ndiye humwelewi. Mwite ndugu yake.

Kwenye viungo usimwambie "nishike mkono", kwani vidole vinaweza kujikunja vyenyewe. Mwambie "toa ulimi" au "nionyeshe vidole viwili". Akitii, 6. Asipotii, minya msuli kati ya shingo na bega. Akipeleka mkono panapouma, 5, akijikwepesha tu, 4, mikono ikijikunja kwa kukakamaa, 3, ikinyooka, 2, kimya, 1. Andika mkono uliofanya vizuri zaidi, na utaje ule ulio dhaifu. Kusugua kifua kwa ngumi kunaacha michubuko, achana nako.

Usiandike "9" peke yake. Andika "macho 2, usemi 2, viungo 5". Macho yakiwa yamevimba hayafunguki, andika hivyo, usimpe 1. Jumla ikiwa 8 au pungufu, mwite wa kuweka bomba la hewa.

Hatua ya 3: mboni. Linganisha ukubwa, kisha mulika moja moja. Moja ikipanuka na kugoma kusinyaa kwa mgonjwa ambaye fahamu zinashuka, ubongo unaukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi upande uleule wenye damu.

Hatua ya 4: presha ndani ya fuvu. Fuvu halitanuki. Mna ubongo, damu na maji. Kimoja kikiongezeka, vingine lazima vipishe, na nafasi ikiisha presha inaruka. Kwa mtu mzima kawaida ni 7 hadi 15 (milimita za zebaki, kama presha ya damu). Ikipita 22 hutibiwa. Hatuna mashine ya kuipima, kwa hiyo tunasoma mwili: kutapika, fahamu kushuka, halafu presha ya damu inapanda huku mapigo yakipungua na pumzi ikienda ovyo. Hizo tatu za mwisho ni dalili za kuchelewa.

Hapo usikimbilie dawa ya kushusha presha! Fanya hesabu: wastani wa presha ya damu 90, ya fuvu 30, ubongo unasukumiwa damu kwa 60. Ukishusha 90 iwe 70, umeuachia 40.

Hatua ya 5: ukisubiri gari. Inua kichwa nyuzi 30. Kama unashuku uti wa mgongo umeumia, inamisha kitanda kizima. Legeza kinachobana shingo. Manitoli, dawa ya kushusha presha ya fuvu, ni kwa amri ya daktari, na presha isiwe chini. Dawa za jamii ya kotisoni usimpe, utafiti mkubwa wa majeruhi wa kichwa uitwao CRASH ulionyesha zinaongeza vifo.

Rudia vipimo kila nusu saa. Yule wa bodaboda alikuwa 13 saa nane, 11 saa nane na nusu, na saa tisa mboni ya kulia ilikuwa imefunguka. Ukipiga simu hospitali ya rufaa, wasomee namba hizo pamoja na saa zake, kwa mpangilio huohuo.