Jiko la mabamba mawili: angalia mwanya kabla ya kuongeza moto

Nyama ya baga ikiiva vizuri chini huku juu imepauka, usikimbilie kuongeza moto. Mara nyingi tatizo ni mwanya, yaani nafasi kati ya bamba la chini na la juu yanayoibana nyama. Ukiwa mpana, bamba la juu haliigusi nyama sawasawa, hivyo joto linapanda kutoka chini peke yake. Ukiwa mwembamba mno, maji yote yanakamuliwa na nyama inatoka kavu. Mwanya uwe mdogo kidogo tu kuliko unene wa nyama mbichi.

Kisha weka kipande kimoja kila pembe ya jiko, uvipike pamoja. Pembe moja ikibaki nyuma, bamba limekaa upande: mwite fundi alisawazishe. Chomeka kipimajoto chembamba kupitia ubavuni hadi katikati. Nyama ya ng'ombe ya kusaga ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Rangi isikudanganye, kwani nyama huweza kugeuka kahawia kabla ya kuwa salama.

Kwangua ukoko wa bamba la chini kila baada ya mzunguko wa kupika, maana huzuia joto. Karatasi ya tefloni (isiyonata) inayofunika bamba la juu hufutwa tu, kamwe isiguswe na kwangulio la chuma. Ikichanika au kukunjamana, ibadilishe.