Somo: kujua musi ya milima yetu, anzia ku ukuta wa nyumba yako

Bandugu, wengi wananiuliza njia ya kupanda Nyiragongo, volkano yetu, juu ya kutafuta musi (mousse, vile vimimea vidogo vya kijani vinavyoshika ku mawe na miti), mi nasema anza hapa hapa Goma, ku ukuta wako wa mawe ya volkano.

Kwanza angalia imeshika wapi, ni jiwe, ganda la mti, udongo ao pahali walichoma makala? Andika. Musi haina mizizi ya kunyonya chini, maji inakunywa kwa majani yake, njo maana pale inakaa panakuambia mingi kuliko rangi. Ile ya kung'aa kama feza ku simenti ni Bryum argenteum, iko karibu dunia yote. Palipowaka moto inapenda kuota Funaria hygrometrica.

Pili tia maji. Kwangu chini ya tanki kuna jiwe moja, musi yake ilikuwa imejikunja nyeusi kama majani ya chai, nikamwagia, na mbele sijafunga robine ilishafunguka kijani, na juu yake vijiti vyekundu, kila kimoja na kakichwa kameinama, mule njo mnakaa spora, vumbi lenye linazaa musi ingine, laini kuliko unga. Lupu, kioo cha kukuza, inafaa, kamera ya telefone pia.

Tatu, metre za urefu wa pahali juu ya bahari. Hii musisahau! Goma iko karibu metre 1,500, kileleni kwa Nyiragongo ni 3,470, na katikati kwenye ukungu matawi yanavaa musi kama ndevu. Karatasi ya kufungia musi yenye haina metre haiwezi kulinganishwa na ingine, nilishapoteza za kwangu nyingi hivyo, inauma.

Nne, musi yenye umechuma funga mu karatasi, hapana plastiki, itaoza.

MASWALI

Yaya wa Himbi: Ile ya kijivu ku lava ya 2002 nayo ni musi?
— Hapana yaya, ile ni likeni, Stereocaulon, kuvu na alge vinaishi pamoja. Ukiangalia karibu haina majani. Ku lava mupya inafika kati ya vya kwanza kabisa.

Papa wa Katindo: Avoka yangu imejaa musi, inaikula?
— Haiikuli papa, imekalia ganda tu. Usiikwangue.

Kijana wa Majengo: Na kule juu naweza kuchuma?
— Mdogo wangu, Nyiragongo iko ndani ya Virunga, parke tangu 1925, bila ruhusa usiondoe hata kipande. Piga picha, andika metre, uiache pale.