Kuhudumia hita ya maji ya gesi Mtwara na Lindi: chumvi, chokaa na moshi

Hita ya maji ya gesi iliyofungwa Shangani, Mikindani au karibu na bahari Lindi mjini haizeeshwi na kazi. Kwa nje inaliwa na chumvi ya upepo, inayoozesha bati, klipu na nyaya. Kwa ndani inazibwa na chokaa ya maji ya kisima, inayojenga ukoko ndani ya koili ya shaba, bomba ambamo maji hupashwa moto. Chumvi na kutu zikianguka juu ya kichomeo, masizi yakijaa kwenye mapezi ya koili (vibati vyembamba vinavyoizunguka), moto unakuwa mchafu, na moto mchafu hutoa kaboni monoksidi: gesi isiyo na harufu, isiyo na rangi, inayoweza kumuua mtu akiwa anaoga. Kwa hiyo unapoihudumia hita, kazi yako ya kwanza ni moto safi na moshi unaotoka nje. Maji ya moto yatakuja yenyewe.

Maelezo haya ni ya hita ya ukutani inayopasha maji yanapopita, ile ya lita 6 hadi 12 kwa dakika. Hita za tangi, ambazo baadhi ya hoteli hutumia, zina maneno yake mwishoni.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama ilipofungwa

Hita ya lita 10 kwa dakika ina nguvu ya kilowati 20 hivi. Ikifunguliwa yote, inachoma karibu kilo 1.6 za gesi ya mtungi kwa saa, na kila kilo inataka takriban mita za ujazo 13 za hewa ili iungue sawasawa. Hiyo ni mita za ujazo 21 kwa saa. Bafu la mita 2 kwa 1.5 lenye dari ya mita 2.5 lina mita za ujazo 7.5 tu. Ukifunga dirisha kwa sababu ya kusi la Julai, hewa yote ya bafu hilo ni chakula cha hita kwa dakika 21, na moto huanza kuharibika mapema zaidi ya hapo. Ndiyo maana hita ya kawaida, inayovuta hewa ya chumba, haifungwi bafuni wala chumba cha kulala. Mahali pake ni ukuta wa nje wenye paa, au jikoni penye hewa na dohani inayotoka nje ya nyumba.

Dohani iwe na kipenyo kilekile cha mdomo wa hita, usiipunguze njiani. Ipande wima nusu mita au zaidi kabla ya kona ya kwanza, na sehemu ya kulala iinuke kidogo kuelekea nje. Mdomo wa nje uwe na kofia, na usielekee kusini: kusi likikaza hurudisha moshi ndani. Hita zenye feni zina utaratibu wake wa dohani, fuata kitabu chake.

Jambo jingine linalosahaulika huku kwetu ni kwamba tuna gesi mbili. Baadhi ya nyumba za Mtwara mjini na za Mnazi Mmoja, Lindi, zimeunganishwa na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, kwenye gesi asilia ya bomba. Nyingine zote zinatumia mtungi. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda darini, kwa hiyo tundu la hewa linatakiwa juu. Gesi ya mtungi ni nzito, hulala sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na mifereji, kwa hiyo tundu linatakiwa chini kabisa ya ukuta. Hita nazo hutofautiana: ya mtungi hufanya kazi kwa shinikizo la milibari 28 hadi 30 na nozeli (vipua vinavyopuliza gesi kwenye kichomeo) zenye tundu dogo, ya gesi asilia kwa milibari 20 hivi na tundu kubwa zaidi. Ukiunganisha mtungi kwenye hita ya gesi asilia, moto unatoka mrefu, wa njano, na masizi yanajaa kwenye koili haraka. Soma kibandiko cha ubavuni kabla ya kununua, hasa hita iliyokwisha kutumika. Kubadilisha nozeli na kupima shinikizo ni kazi ya fundi wa gesi mwenye kipimo. Mita ya gesi asilia na bomba lililo kabla yake usiviguse kabisa.

Lini

Vitabu vingi vya hita husema huduma mara moja kwa mwaka. Pwani yetu fanya mara mbili: Mei, mvua zikiisha na kusi likianza kuwafanya watu watake maji ya moto, na tena Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Wenye nyumba za wageni wasiipuuze hii ya pili, kwa sababu msimu wa korosho ukifunguka vyumba hujaa na hita haipumziki.

Kazi yenyewe

Andaa bisibisi ya nyota, spana ya kurekebisha, brashi laini ya rangi ya inchi moja, mswaki mkavu, pampu ya baiskeli, msasa laini, washa mpya (vipete vya kuzibia viungo), betri mpya, sabuni ya maji na unga wa ndimu.

Funga koki ya mtungi huku hita ikiwaka, uiache izime yenyewe ili gesi iliyobaki kwenye mpira wa gesi iishe. Toa betri, au chomoa umeme kama ni ya feni. Funga maji ya kuingia, fungua bomba la moto, legeza kizibo cha chini maji yaliyobaki yatoke. Subiri nusu saa ipoe. Piga picha nyaya kabla ya kuchomoa hata mmoja.

Toa vitufe na mfuniko. Angalia kwanza, usisafishe bado: masizi meusi juu ya mapezi ya koili au alama nyeusi kwenye bati yanakuambia kwamba moto umekuwa ukikosa hewa, na lazima ujue kwa nini. Mara nyingi sababu iko kwenye mirija ya kichomeo, pale hewa inapoingia kukutana na gesi. Buibui hupenda humo, na nyigu wa udongo hujenga humo. Safisha mirija kwa mswaki na upulize kwa pampu. Nozeli usizichokonoe kwa sindano wala waya: tundu likipanuka kidogo tu, gesi inazidi na moto hauwi safi tena. Mapezi ya koili yapige brashi kufuata mistari yake, ukiwa umefunika kichomeo kwa kitambaa masizi yasikiangukie.

Kijiti cha cheche kisugue kwa msasa. Nafasi kati yake na kichomeo kwa kawaida ni milimita 3 hadi 5. Kwenye kisanduku cha betri utakuta ukungu wa kijani. Ufute kwa kitambaa chenye siki kidogo, kaushe, ndipo uweke betri mpya za alkali, zote mbili kwa pamoja.

Upande wa maji, fungua nati ya kuingizia, toa chujio dogo na ulisafishe. Nyuma yake, kwenye hita nyingi, ndani ya vali inayounganisha maji na gesi, kuna diaframu, mpira mwembamba wa duara unaosukumwa na maji ili kufungua gesi. Mpira huu ukikakamaa au ukitoboka, maji yatatiririka vizuri lakini hita haitatoa hata cheche. Ubadilishe kila miaka miwili, na pini yake uipake grisi ya silikoni tu. Grisi ya gari huvimbisha mpira. Ile nusu ya vali iliyo upande wa gesi usiifungue.

Kutoa chokaa

Dalili za chokaa ni koili kukoroma kama birika, maji kupungua upande wa moto tu, na hita kujizima baada ya dakika chache kwa sababu imepata joto kupita kiasi. Fungua nati mbili za maji, unganisha vipande viwili vya mpira angavu, kimoja kila upande, na uinue ncha zake juu kuliko hita. Koroga gramu 50 za unga wa ndimu kwa kila lita ya maji ya vuguvugu; lita mbili zinatosha. Mimina polepole kwa faneli upande mmoja hadi maji yaonekane upande wa pili. Yataanza kutoa mapovu: hiyo ni chokaa inayoyeyuka. Acha saa moja, mwaga, rudia kwa mchanganyiko mpya mpaka mapovu yakome. Suuza kwa ndoo nzima ya maji safi kabla ya kuunganisha bomba. Usiwashe hita dawa ikiwa ndani, na usitumie ile asidi kali ya kusafishia vyoo, kwa sababu inakula shaba yenyewe na koili itavuja.

Mpira wa gesi na kupima mvujo

Soma tarehe iliyochapwa kwenye mpira. Ukipita miaka mitano, au ukiukunja na kuona nyufa, tupa. Usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko, na klipu zake ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu za kawaida hapa pwani huoza haraka. Kwenye regulata angalia mpira mdogo wa duara unapokutana na mtungi.

Changanya sabuni ya maji na maji, nusu kwa nusu. Fungua koki ya mtungi bila kuwasha hita, paka povu kwenye kila kiungo kuanzia mtungini, na utazame kila kimoja kwa dakika nzima. Mvujo mdogo haurushi povu. Hujenga punje ndogo nyeupe zinazoongezeka taratibu. Ukiziona, funga koki, badili washa au klipu, upime upya. Kukaza kwa nguvu washa iliyochakaa hakuponyi. Kiberiti si kifaa cha kupimia gesi.

Kuwasha na kusoma moto

Rudisha mfuniko, fungua maji kwanza hadi hewa iishe bombani, kisha gesi. Tazama moto kwenye dirisha lake. Unatakiwa uwe wa buluu, umetulia, wenye koni kali ndani. Karibu na bahari utaona vicheche vya rangi ya chungwa vikipita na kutoweka; hivyo ni chembe za chumvi na vumbi, havina shida. Kinachotakiwa kukutisha ni ncha ya njano inayokaa. Hiyo ni hewa pungufu, kichomeo kichafu au gesi isiyo yake: zima. Moto unaoruka na kujitenga na kichomeo mara nyingi ni shinikizo kubwa mno, na hapo mwite fundi wa gesi.

Kisha pima dohani. Ukishahakikisha hakuna mvujo, funga madirisha na mlango, acha hita iwake dakika tano, washa kijiti cha udi na usogeze moshi wake karibu na nafasi iliyo chini ya mdomo wa dohani. Moshi uvutwe ndani. Ukirudishwa usoni kwako, hita hiyo haitumiki hadi dohani itengenezwe, hata kama maji yake ni ya moto sana.

Hitilafu nyingine

Hita isiyowaka ilhali betri ni mpya mara nyingi inakosa msukumo wa maji. Tangi lililo mita 3 juu ya hita linatoa bari 0.3 tu, na hita nyingi huanza kuwaka kwenye bari 0.2 hadi 0.3, kwa hiyo kichwa cha bafu kilichoziba kidogo kinatosha kuizuia. Mtungi wa kilo 6 unaotoa jasho au barafu haupi gesi ya kutosha hita kubwa. Tumia wa kilo 15 au zaidi. Hita inayojizima yenyewe inakuonya, ama joto limezidi au hewa ya chumba imepungua. Fundi akitaka kuunganisha nyaya za kihisi moja kwa moja ili isizime, mkatalie.

Ukisikia harufu ya gesi, funga koki, fungua milango, usiwashe wala usizime taa, toka na watu wote, kisha piga 114 Zimamoto ukiwa nje. Kaboni monoksidi yenyewe haina harufu ya kukuonya. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu haina nguvu: watu huidhania malaria. Dalili hizi zikiwapata watu wawili watatu wa nyumba moja kwa pamoja, au zikipungua mtu akitoka nje, wapelekeni kwenye hewa safi na kisha hospitali, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, na mwambieni daktari waziwazi kwamba nyumbani kuna hita ya gesi.

Hita za tangi

Hizi zina mambo matatu ya ziada. Kila miezi sita zima moto, uache maji yapoe, funga maji baridi na mwaga lita 20 hivi kupitia koki ya chini hadi tope la chokaa liishe. Inua mkono wa vali ya usalama uone maji yanatoka kwa nguvu na kukoma. Bomba lake lielekee chini, mahali pasipopita mtu, na lisizibwe kamwe hata likidondosha, kwa sababu tangi lisilo na pa kupumulia linaweza kupasuka. Mwisho ni fimbo ya magnesiamu iliyofungwa juu ya tangi, inayoliwa badala ya chuma. Waya wake wa katikati ukionekana, badili. Maji ya kisima yenye chumvi huila upesi, kwa hiyo ifungue mara ya kwanza baada ya miezi sita, uone imebaki kiasi gani, ndipo upange tarehe inayofuata.