Somo la kurudi kutoka Babeli: jioni nne za jumuiya

Somo hili la Biblia linahusu Wayahudi waliorudi kwao baada ya kuhamishiwa Babeli. Lipange kwa wiki nne, Julai au Agosti. Vijijini Mbeya, Iringa na Njombe wakati huo mahindi mengi yamevunwa na mvua haijaanza. Januari watu wamechoka na palizi, na njia zinateleza. Saa moja na robo inatosha: dakika 15 kusoma kwa sauti, 40 kujadiliana, 20 kuomba.

Jioni ya kwanza someni Ezra 1 na 3. Gusia tu kwamba Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 K.K., akawaruhusu Wayahudi kurudi kwao, kisha kaa sana kwenye Ezra 3:1–6. Watu walikuwa na hofu ya majirani, hekalu halina hata msingi, lakini walijenga madhabahu wakaanza kutoa sadaka. Uliza: jengo letu likikwama kwenye lenta, ibada nayo imekwama? Mstari wa 12 na 13 usiuruke. Wazee walilia huku wengine wakipiga kelele za furaha, na sauti hazikutofautishika. Kwa hiyo aliyekuja na msiba asilazimishwe kuimba pambio.

Ya pili ni Hagai 1. Ujenzi wa hekalu ulilala miaka kama 16. Nabii Hagai alisema siku ya kwanza ya mwezi wa sita, na siku ya 24 ya mwezi huohuo watu wakashika kazi. Hapa ndipo somo huharibika: kiongozi akifungua daftari la ahadi za michango, wasio na kitu hawarudi wiki ijayo. Daftari libaki ofisini. Waulizeni watu wametanguliza nini, wajibu wenyewe.

Ya tatu, Ezra 8:21–34. Ezra, kuhani aliyeongoza kundi la baadaye la waliorudi, alifunga na kuomba mtoni Ahava kwa kuwa aliona haya kumwomba mfalme askari. Hata hivyo alipima talanta 650 za fedha mikononi mwa makuhani, na walipofika Yerusalemu vyote vikapimwa tena na kuandikwa. Mhazini asome sehemu hiyo. Tangu jioni hiyo sadaka ihesabiwe na watu wawili, iandikwe na kusainiwa papo hapo.

Ya nne ndiyo nzito: Nehemia 5. Wengi hukimbilia ukuta wa Yerusalemu uliomalizika kwa siku 52 (6:15), wakapita kilio cha walioweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme. Imani inayojenga ukuta huku ikimnyonya ndugu, Nehemia, liwali aliyesimamia ujenzi huo, hakuivumilia. Zungumzeni mahindi yanayonunuliwa yakiwa shambani kwa bei ya kutupa, lumbesa ya viazi (gunia lililojazwa kupita kipimo), na riba ya kikoba. Mtu asitajwe jina. Mkopeshaji akiguswa na kutaka kurudisha, afanye hivyo mbele ya mashahidi, maana Nehemia naye aliwaita makuhani na kuwaapisha wakopeshaji (5:12).