Mteja yuko Makambako, anatafuta gesti Mbeya: namna ya kuifanya tovuti yako ionekane Google

Wengi wanaokuja kwenye meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, huja na swali moja: "Nimetengenezewa tovuti, mbona nikitafuta Google siioni?" Wanategemea nifungue kompyuta nibonyeze kitufe. Kitufe hakipo. Kuna kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kuandika, kwa hiyo mwenye biashara anaiweza kuliko mimi fundi.

Kwanza hakikisha Google inaijua tovuti yako hata kidogo. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika site: halafu, bila kuacha nafasi, anwani ya tovuti. Zikija kurasa zako, umeshaandikishwa. Kisipokuja kitu, usikimbilie kulipia matangazo. Roboti wa Google, yaani programu yake inayozunguka kwenye tovuti, hufanya kazi kwa hatua: anapita kwenye kurasa akifuata viungo, anazisoma na kuziweka kwenye faharasa yake (orodha ya kurasa anazozijua), kisha mtu anapouliza, kurasa hupangwa ipi itangulie. Aliyezuiwa mlangoni hafiki hatua ya tatu. Kwenye tovuti za WordPress kuna kiboksi katika mipangilio ya usomaji kinachoziomba injini za utafutaji zisiiandikishe tovuti. Mafundi hukiwasha wakati wa ujenzi ili kazi isionekane ikiwa nusu, wakishalipwa wanasahau kukizima. Nimekikuta kimewashwa kwenye tovuti ya duka la pembejeo iliyokaa hewani muda mrefu, na mwenye duka alishakata tamaa na intaneti yote. Angalia pia faili liitwalo robots.txt, linalowaambia roboti wapite wapi na wasipite wapi: likiwa na mstari wa "Disallow: /" kwa roboti wote, umefunga geti na komeo.

Na usijipime kwa kutafuta jina la biashara yako. Anayelijua jina lako tayari ni mteja wako. Unayemtaka ni yule dereva wa lori aliyesimama Makambako jioni, anakwenda Tunduma, anataka pa kulala Mbeya na hajui hata gesti moja. Ataandika nini?

Hapo ndipo tovuti nyingi za huku kwetu zinapoanguka. Ukurasa wa mbele unasema "Karibu katika ulimwengu wa starehe na ukarimu usio na kifani." Hakuna binadamu anayetafuta ukarimu usio na kifani. Dereva anaandika "gesti Mbeya yenye parking ya lori." Mwanafunzi anayekuja kufanya usaili anaandika "loji za bei nafuu karibu na stendi ya Nane Nane." Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbeya ikishika, mtu wa Dar anataka kujua kama kuna maji ya moto. Kama maneno hayo hayamo kwenye ukurasa wako, Google haina namna ya kujua kwamba heater yako ni nzima.

Maneno ya kuandika huyabuni, unayo tayari. Fungua WhatsApp ya biashara, soma wateja wapya walikuuliza nini kabla ya kulipia. "Lori linaweza kulala ndani?" "Chumba cha watu wawili bei gani?" "Kutoka stendi bajaji ni shilingi ngapi?" Kila swali linalojirudia ni kichwa kidogo kwenye tovuti, na jibu lake sentensi mbili tatu chini yake. Kisha anza kuandika swali hilohilo kwenye Google bila kubonyeza, uone inakukamilishia vipi. Yale mapendekezo yanatokana na yale watu wanayotafuta. Muuza mchele atagundua kwamba watu hawaishii kwenye "mchele bora". Wanataka mchele wa Kyela au wa Mbarali, bei ya jumla, kilo ngapi, na kama unatuma Dar. Basi huduma kubwa zipewe kila moja ukurasa wake. Mchele wa jumla usibanwe kwenye ukurasa mmoja na unga wa dona na maharage ya Mbozi.

Neno moja usilirudie mara hamsini. Google hulihesabu hilo kama udanganyifu, na msomaji atakimbia kabla ya Google. Andika kama unavyomjibu mteja aliye mbele yako.

Majina ya mahali yanataka umakini zaidi huku kwetu kuliko mikoa mingine, maana mipaka ilibadilika. Njombe ilikatwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ikakatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Bado naona tovuti za Tunduma zinazojiandika "Mbeya" na za Makambako zinazojiandika "Iringa". Zirekebishwe. Songwe ndiyo yenye mtego zaidi: uwanja wa ndege wa Songwe uko upande wa Mbeya, wakati makao makuu ya Mkoa wa Songwe ni Vwawa, kule Mbozi. Mtu akiandika "hoteli Songwe" anaweza kuwa anashuka kwenye ndege au ana shughuli Vwawa. Ukiwa karibu na uwanja, andika waziwazi "karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya". Ukiwa Vwawa, taja Vwawa na Mbozi. Wa Tukuyu ataje na Rungwe, kwa sababu wapo wanaotafuta kwa jina la wilaya na wapo wanaotafuta kwa jina la mji.

Maneno hayo yawekwe wapi? Mojawapo ya sehemu nzito ni kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kama mstari mkubwa wa kubonyeza kwenye majibu ya Google. Tovuti nyingi zimeandika "Mwanzo" au "Home". Badilisha iwe, kwa mfano, "Gesti yenye maegesho ya malori Uyole, Mbeya", kisha jina la biashara. Maelezo mafupi yanayotokea chini yake hayakupandishi daraja, ila ndiyo yanayomshawishi mtu abonyeze, kwa hiyo taja bei ya kuanzia. Kile kisanduku cha "keywords" ambacho fundi anakuomba ujaze kiache. Google ilishatangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga majibu.

Kuna ugonjwa mwingine wa mapicha. Tumezoea kutengeneza bango la WhatsApp lenye bei, simu na huduma zote, kisha bango hilohilo linabandikwa kwenye tovuti kama ndiyo ukurasa. Usitegemee roboti asome bei iliyochorwa ndani ya picha. Andika maandishi kama maandishi, na picha iwe picha, yenye maelezo yake mafupi: "chumba cha vitanda viwili", si "IMG_0457".

Picha hizo pia ni nzito. Simu ya kawaida inapiga picha ya MB nne au tano, na ukiweka kumi kwenye ukurasa mmoja, dereva wetu wa Makambako mwenye bando la kuungaunga atafunga kabla hajaona kitanda. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Punguza kila picha iwe chini ya KB 200, hifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, kama fundi anaweza, kisha ipime tovuti kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, bure. Na ikague kwa simu, si kwa kompyuta ya ofisini, maana Google yenyewe sasa inasoma toleo la simu kwanza.

Wenye wageni wa nje, hasa wa Iringa wanaopeleka watu Ruaha na wale wanaowapandisha Kitulo kuona maua msimu wa mvua, waandike kurasa za Kiingereza zinazojitegemea, zenye anwani zake. Kile kitufe kinachotafsiri ukurasa papo hapo humsaidia msomaji aliyekwisha kufika. Kwa roboti, ukurasa unabaki wa Kiswahili tu.

Ramani ya Google (Google Maps) ni habari nyingine, na kwa gesti, gereji, saluni na maduka ya dawa nathubutu kusema inazidi tovuti. Fungua wasifu wa biashara kwenye Google, ni bure. Watakuthibitisha, siku hizi mara nyingi kwa video fupi inayoonyesha bango, mtaa na wewe ukifungua mlango. Katika ramani Google huangalia mambo matatu: unachouza kinahusianaje na kilichoulizwa, uko umbali gani na anayeuliza, na unafahamika kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Chagua aina sahihi ya biashara, weka saa za kazi za kweli pamoja na sikukuu, namba ya simu iwe ileile iliyo kwenye tovuti, na alama ya mahali kwenye ramani uibandike kwenye geti lenyewe, si katikati ya barabara ya Tunduma. Waombe wateja maoni wakati wanaondoka, na uwajibu, hata aliyelalamika. Ila usimpe mtu soda wala punguzo ili akusifu, ni kinyume cha kanuni zao.

Viungo kutoka tovuti nyingine vinasaidia. Tangu mwanzo Google ilijengwa juu ya wazo la kuhesabu nani anamtaja nani. Kampuni ya utalii inayolaza wageni kwako ikutaje, chama cha wakulima wa parachichi unachonunua kwao kikuweke kwenye orodha yao. Vya kununua achana navyo. Na yeyote anayekupigia simu kukuahidi namba moja Google ndani ya wiki, mkatie. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza, na kwamba kazi hii mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka.

Ukishamaliza, unganisha tovuti na Google Search Console, zana ya Google inayokuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji. Hailipiwi. Wasilisha ramani ya tovuti (sitemap, orodha ya kurasa zako), na ukurasa mpya uombee kuandikishwa. Baada ya wiki kadhaa fungua ripoti ya utendaji usome maneno ambayo watu waliandika mpaka wakakuona. Palipo na walioona wengi na waliobonyeza wachache, kichwa chako hakijavutia, kiandike upya. Ukikuta watu wanakuja kwa neno ambalo hukulitegemea, labda "ukumbi wa kikao Uyole", na ukumbi unao, hilo litengenezee ukurasa wake wiki hiyohiyo.